Ardhi iliyobaki baada ya barabara: jinsi Idara ya Uchukuzi ya California inavyoiuza, hatua kwa hatua

Nyuma ya nyumba niliyopanga Hayward, ng'ambo ya ghuba kutoka San Francisco, kulikuwa na ukanda wa ardhi uliozungushiwa waya. Upana wake ulikuwa kama hatua saba, na urefu wake ulipita nyumba tatu. Kila kiangazi walikuja vijana wenye mashine za kufyekea, wakakata majani yaliyokauka yasije yakashika moto, wakaenda zao. Mzee aliyenipangisha aliutazama ukanda ule zaidi ya miaka kumi akiamini ni mali ya mji. Siku tulipokwenda pamoja ofisi ya msajili wa kaunti kuomba ramani, karani alitandaza karatasi mezani, akaweka kidole juu ya ukanda, akasoma jina la mwenye mali: Jimbo la California. Ulinunuliwa kwa ajili ya barabara kuu ambayo haikujengwa.

Mzee akauliza, "Kwa hiyo naweza kuununua?"

Pengine. Tangu siku ile nimeifuata njia hiyo mara kadhaa, na majirani, na kamati ya msikiti, na familia iliyotaka sehemu ya kuegesha lori lao. Nazungumzia California kwa kuwa ndiko ninakokujua. Majimbo mengine ya Marekani yana idara zao na sheria zao, ingawa masharti yanayofuata fedha za serikali ya shirikisho ni yale yale kote nchini.

Kosa ninaloliona kila mara ni mtu kuanza na bei. Anauliza kiwanja ni dola ngapi, anapiga hesabu, anakimbilia benki. Bei huja karibu na mwisho. Kabla yake kuna foleni, na mahali ulipo kwenye foleni hiyo ndipo panapoamua kama utapewa nafasi ya kuuliza bei. Mwongozo huu wote, kimsingi, unahusu kuijua foleni na kusimama mahali pako mapema.

Ardhi hii inatoka wapi

Idara ya Uchukuzi ya California, ambayo watu wote huiita Caltrans, ina makao makuu Sacramento na wilaya 12 za kazi. Inaponunua ardhi ya barabara huwa haikati kwa wembe. Barabara ikipita katikati ya shamba na kuacha pembe isiyolimika wala kujengeka, idara mara nyingi hununua shamba zima, kisha pembe ile inabaki mikononi mwake. Yakijengwa makutano ya barabara, zinabaki pembetatu. Mradi ukiisha, uwanja uliokuwa wa kuwekea mashine na kokoto unabaki mtupu.

Mabaki makubwa zaidi yanatokana na barabara zilizokufa kabla ya kuzaliwa. Hayward ni mfano mmoja. Miaka ya 1960 idara ilianza kununua mamia ya viwanja kando ya vilima kwa ajili ya Njia ya 238. Mwaka 1971 wakazi, wengi wao wenye asili ya Meksiko, walikwenda mahakama ya shirikisho wakidai kwamba watu wanahamishwa bila kuhakikishiwa makazi mengine. Mahakama ikasimamisha mradi. Barabara haikujengwa, lakini nyumba na viwanja vilibaki vya jimbo kwa miongo.

Mfano wa pili ni Njia ya 710 huko Los Angeles. Barabara inatoka Long Beach kwenda kaskazini, halafu inakatika ghafla Alhambra, kilomita chache kabla ya Pasadena. Ili kuziba pengo hilo idara ilinunua mamia ya nyumba katika El Sereno, South Pasadena na Pasadena. Mji wa South Pasadena ulipata zuio la mahakama mwaka 1973, na ubishi ukaendelea hadi mwaka 2018, idara ilipoachana na wazo la kujenga, hata kwa njia ya handaki. Kwa muda wote huo jimbo lilikuwa baba mwenye nyumba wa mamia ya familia, na baadhi ya nyumba zilikaa tupu, madirisha yamepigiliwa mbao.

Na kuna ardhi iliyofunguliwa na tetemeko. Tetemeko la Loma Prieta la Oktoba 1989 liliharibu barabara za juu za San Francisco na Oakland. Sehemu ya barabara ya juu iitwayo Central Freeway, ndani ya San Francisco, ilipobomolewa, viwanja vilivyokuwa chini yake vilikwenda kwa mji wa San Francisco, na leo pale pana Octavia Boulevard, miti na nyumba.

Hatua ya 1: Jua kipande ni cha nani na kilipatikana vipi

Anza kwenye kaunti, si kwenye idara. Chukua namba ya kiwanja inayotumiwa na ofisi ya kukadiria kodi. Karibu kaunti zote zina ramani zake kwenye intaneti. Kama kipande hakina namba, hiyo nayo ni habari: huenda kiko ndani ya mstari wa hifadhi ya barabara yenyewe, na njia yake ni nyingine kabisa, nitaieleza mbele.

Ukishapata namba, nenda kwa msajili ukaombe nakala ya hati ambayo jimbo lilipatia ardhi ile. Utalipa ada ndogo kwa kila ukurasa. Usiione ni kazi ya wanasheria tu, kwa maana hati hiyo ina majibu ya maswali mawili yatakayokuokolea miezi.

La kwanza: jimbo lilinunua umiliki kamili, au haki ya kupita tu? Kama ni haki ya kupita, ardhi haikuacha kuwa ya mtu mwingine. Siku jimbo likiiachia haki hiyo, mzigo unaondoka na ardhi inabaki kwa mwenye ardhi yenyewe, ambaye mara nyingi ni jirani. Hakuna kinachouzwa hapo. Nimemwona mtu akiandaa fedha za kununua ardhi ambayo, kwa hati, ilikuwa tayari yake.

La pili: fedha zilitoka wapi? Hati yenyewe huenda isiseme, ila jina au namba ya mradi inatosha kuiuliza idara. Kama zilitumika fedha za shirikisho, sheria ya barabara ya Marekani inataka ardhi iuzwe kwa thamani ya soko, isipokuwa kwa sababu maalumu zilizotajwa, na sehemu ya mapato inayolingana na mchango wa shirikisho itumike tena kwenye miradi ya barabara na usafiri. Ofisa anapokuambia hawezi kukupunguzia hata senti, mara nyingi hana ukaidi. Mikono yake imefungwa hapo.

Hatua ya 2: Uliza kama kimetangazwa kuwa ziada

Andikia ofisi ya wilaya, kitengo kinachoshughulikia ardhi ya barabara, dawati la ardhi ya ziada. Barua iwe fupi: namba ya kiwanja, kaunti, mtaa wa karibu, picha mbili, nakala ya ukurasa wa ramani, na sentensi moja ya kueleza wewe ni nani kwa kipande hicho. Jirani anayepakana nacho? Mpangaji anayeishi ndani? Taasisi ya makazi? Halafu uliza mambo mawili tu: kipande hiki kimeshatangazwa kuwa ziada? Kama bado, naomba kipitiwe. Usiandike bei, wala usieleze utajenga nini. Kwa sasa hayo hayamhusu anayesoma.

Ndani ya idara jalada linaanza kuzunguka, na kila anayelipokea analisoma kwa jicho lake. Mhandisi wa usanifu anauliza kama barabara itahitaji njia nyingine miaka 20 ijayo. Wa matengenezo anaangalia mfereji wa maji ya mvua unapita wapi. Wa mazingira anakumbuka kwamba pengine kipande kile kilipandwa miti kufidia miti iliyokatwa kwenye mradi mwingine. Mmoja akisema bado tunakihitaji, jalada linarudi kabatini. Kwenye barabara za kitaifa zinazounganisha majimbo, idhini ya mamlaka ya barabara ya shirikisho inatakiwa pia kabla ya kuuza.

Hii ndiyo hatua inayochosha kuliko zote. Sheria ya barabara ya jimbo inasema kwamba kipande kikishatambuliwa kuwa ziada, idara ijitahidi kadiri iwezekanavyo kukitoa kwa kuuza au kubadilishana ndani ya mwaka mmoja. Angalia vizuri saa inaanza kuhesabu lini: ni baada ya kutambuliwa. Kabla ya hapo hakuna saa. Ndiyo maana barua yako ina kazi. Kipande kisichoulizwa kinaweza kulala muda mrefu sana. Weka nakala ya barua, na kila baada ya miezi mitatu uliza tena kwa upole, ukitaja tarehe ya barua ya kwanza.

Hatua ya 3: Angalia udongo kabla hujaupenda

Wengi hupita hapa haraka. Mimi nakuomba usimame.

Kwa miongo mingi magari yalichoma petroli yenye madini ya risasi. Moshi ulitua kandokando ya barabara, na risasi haiozi. Marekani ilipiga marufuku kabisa petroli hiyo kwa magari ya barabarani kuanzia 1996, lakini ile iliyotua kabla yake bado iko kwenye udongo wa juu pembeni mwa barabara za zamani, hasa kwenye vile vipande vyembamba ambavyo majirani huvitamani wapande mboga au watoto wachezee. Idara inalijua jambo hili vizuri na ina taratibu zake za kushughulikia udongo huo inapojenga. Wewe unaponunua, unanunua kitu kama kilivyo.

Omba ripoti zozote za udongo walizonazo. Kama hakuna, omba ruhusa ya kuchukua sampuli kabla ya kutoa dau. Maabara za kupima risasi si ghali ukilinganisha na gharama ya kuondoa udongo. Pale ambapo palikuwa na kituo cha mafuta, gereji au duka la dobi kabla jimbo halijanunua, uliza mara mbili.

Idara nayo ina wajibu wake hapa. Kuuza ardhi ya umma ni tendo linaloguswa na sheria ya mazingira ya California ya mwaka 1970. Vipande vingi vya kawaida vinapita chini ya msamaha uliowekwa kwa ajili ya mali ya serikali isiyohitajika, lakini penye makazi ya wanyama adimu, au nyumba yenye thamani ya kihistoria, mambo hubadilika. Nyumba ya kihistoria inaweza kuuzwa ikiwa na sharti kwenye hati kwamba sura yake ya nje isiguswe.

Hatua ya 4: Vipimo na thamani

Mpimaji anaweka bikoni na kuandika maelezo ya mipaka kwa maneno na nyuzi za pembe. Kipande kinapewa namba inayoanza na herufi DD, kifupi cha Director's Deed, yaani hati ya Mkurugenzi wa idara, na kuanzia hapo kila barua yako ibebe namba hiyo. Bila hiyo jalada lako halipatikani.

Mthamini anakuja baadaye. Swali lake la msingi ni hili: kipande hiki kikisimama peke yake, kinaweza kufanyiwa kitu? Kama kina njia ya kuingilia, upana wa kutosha na kinafuata kanuni za ujenzi za mji, ni kiwanja, na kitathaminiwa kama viwanja vingine. Kama hakiwezi kusimama peke yake, thamani yake inatoka kwa jirani, kwa maana kikiunganishwa na ardhi yake, nyumba yake inapata uwanja, au duka lake linapata maegesho.

Tuseme una ukanda wa futi 20 kwa 110 nyuma ya nyumba, na pembeni ni ukuta wa kuzuia kelele za magari. Futi za mraba 2,200. Usichukue bei ya kiwanja cha jirani ukaigawanya. Hakuna anayeweza kujenga hapo, hakuna mlango wa kuingilia isipokuwa kupitia uwanjani kwako, na kwenye barabara kuu haki ya kutokea barabarani haipo na haitakuwepo. Mambo hayo yote yanashusha thamani, na una haki ya kuyataja kwa maandishi ukiona makadirio yameyasahau. Ambatanisha picha ya ukuta na ya mahali ambapo mlango ungekuwa.

Hatua ya 5: Foleni

Sasa ndipo penyewe.

Kabla ya raia wa kawaida, zinaulizwa taasisi za umma. Kanuni za shirikisho zinataka taasisi husika zijulishwe pale ardhi inapofaa kwa bustani, hifadhi au mapumziko. Mji, kaunti au mamlaka ya usafiri inaweza kusema inakitaka kwa barabara ya baiskeli, kituo cha zimamoto au nyumba za bei nafuu. Kwa matumizi fulani yenye faida kwa umma, bei ya chini ya soko inaruhusiwa kwa idhini ya shirikisho, na hati inaweza kuwa na sharti kwamba matumizi yakikoma ardhi irudi. Tangu Januari 2019, kwa amri ya gavana wa California, mashirika ya jimbo yametakiwa kuorodhesha ardhi yao ya ziada inayofaa kwa makazi ya bei nafuu. Kwa hiyo kiwanja kizuri mjini, chenye upana na njia, huenda kisifike mnadani kamwe. Nadhani ni sawa kiwe hivyo. Kinauma kwa anayekitaka, lakini kilinunuliwa kwa fedha za wote.

Mzee wangu wa Hayward alikutana na ukuta huu. Mji ulikuwa umekubaliana na idara kuvichukua vipande vya Njia ya 238, kwa hiyo jibu la barua yetu lilikuwa fupi: zungumzeni na mji. Miezi yote tuliyoisubiri idara tulikuwa tumesimama kwenye foleni isiyo yetu. Laiti tungeuliza mji siku ya kwanza. Ndiyo maana sasa kila ninapomsaidia mtu, siku ile ile anayoandika kwa wilaya namwambia aandike pia kwa idara ya mipango ya mji: je, mna nia na kipande hiki? Kama hawana nia, omba wakuandikie hivyo. Karatasi hiyo inafupisha safari.

Baada ya taasisi anakuja jirani, lakini kwa sharti. Kipande kisichoweza kusimama peke yake kinaweza kuuzwa moja kwa moja kwa anayepakana nacho bila mnada. Kama majirani wawili wanapakana nacho, wote wana nafasi. Zungumzeni kabla. Nimeona ndugu wawili wa ukuta mmoja wakishindana hadi kila mmoja akatumia fedha nyingi kuliko thamani ya ukanda wenyewe, wakati wangeweza kuomba ugawanywe.

Nyumba zenye watu ni habari nyingine, na hapa ndipo sheria ya California inapokuwa na utu. Sheria ya Roberti ya mwaka 1979, iliyopewa jina la seneta wa jimbo David Roberti, iliweka zamu ya kuuza nyumba za Njia ya 710. Wa kwanza ni mwenye nyumba wa zamani ambaye bado anaishi humo. Wanafuata wapangaji wa kipato cha chini na cha kati walioishi humo miaka 2 au zaidi, kwa bei wanayoweza kuimudu. Kisha wapangaji wa miaka 5 au zaidi ambao kipato cha kaya yao hakizidi asilimia 150 ya kipato cha kati cha eneo, yaani kile ambacho nusu ya kaya zinapata zaidi yake na nusu chini yake. Wanafuata mashirika ya makazi, na soko la kawaida linakuja mwishoni. Anayenunua kwa bei nafuu anapokea pia masharti ya kuuza tena, ili nyumba isigeuke mtaji wa haraka. Miaka ya karibuni bunge limebadilisha zamu hiyo kwa South Pasadena na Pasadena, kwa hiyo anayeishi kwenye nyumba ya aina hii asome sheria ya mji wake kama ilivyo leo.

Ukiishi kwenye nyumba kama hiyo, silaha yako ni karatasi: mkataba wa kwanza wa upangaji, stakabadhi za kodi mwaka kwa mwaka, bili za umeme zenye jina lako, ripoti za kodi ya mapato. Zamu inapimwa kwa miaka uliyoishi na kipato chako, na vyote viwili vinathibitishwa kwa karatasi. Kutoka sheria kupitishwa hadi kanuni za kuitekeleza kukamilika ilipita zaidi ya miaka 30. Watu walizeeka wakingoja. Machi 2020, janga la korona lilipoanza, familia zisizo na makazi ziliingia kwenye nyumba tupu za El Sereno na kukataa kutoka. Sina haja ya kumhukumu mtu ili kuona kilichokuwa mbele ya macho ya wote: nyumba za umma zilizofungwa, na watoto wanaolala kwenye gari.

Wasomaji wa Kenya watakumbuka kwamba Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 110, inasema ardhi iliyotwaliwa kwa lazima ikikosa tena sababu yake ya umma, Tume ya Taifa ya Ardhi inaweza kumpa mwenye ardhi wa awali au warithi wake nafasi ya kwanza ya kuirudisha, kwa kurejesha fidia yote iliyolipwa. Tofauti ni kubwa. Kule kinachorudishwa ni fidia ya zamani. Kwenye Sheria ya Roberti, mwenye nyumba wa zamani anatangulia foleni, lakini analipa thamani ya soko ya leo.

Hatua ya 6: Mnada

Kipande kikipita foleni yote bila kuchukuliwa, kinatangazwa. Utaona bango kwenye uzio na tangazo kwenye tovuti ya idara, likiwa na bei ya kuanzia, tarehe, kiasi cha dhamana, na siku ya kwenda kukikagua kama kuna jengo. Zabuni huwa za kupaza sauti ukumbini au za bahasha zilizofungwa.

Dhamana huletwa kwa hundi ya benki, yaani ile ambayo benki yenyewe inaidhamini, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye tangazo. Hundi ya kawaida haipokelewi. Mara ya kwanza nilipohudhuria, mama mmoja aliyekaa mbele yangu alikuwa na bahasha ya kaki mapajani, na alipofika mezani karani akamrudishia: hundi ilikuwa ya akaunti yake binafsi. Alikaa hadi mwisho akiangalia kiwanja alichokifuatilia kikienda kwa bei aliyokuwa tayari kuilipa. Nenda benki siku mbili kabla, na soma tangazo lote, hata maandishi madogo.

Weka kikomo chako kwenye karatasi nyumbani, mbele ya mwenzio au ndugu yako. Ukumbini damu huchemka. Na jua kwamba idara inabaki na haki ya kukataa zabuni zote.

Kuhusu fedha: benki nyingi hazipendi kukopesha kwa ardhi tupu, sembuse ukanda usiojengeka. Sheria ya jimbo inairuhusu idara kuuza kwa mkataba wa malipo ya kidogo kidogo. Kwa mnunuzi binafsi wa kawaida malipo ya awali hayapungui asilimia 30 na muda hauzidi miaka 10. Si kila kipande kinatolewa hivyo. Uliza kabla ya mnada.

Hatua ya 7: Tume

Kushinda mnada si kumiliki. Mauzo yanakwenda mbele ya Tume ya Uchukuzi ya California. Ina wajumbe 11 wenye kura, 9 wakiteuliwa na gavana, mmoja na Seneti na mmoja na Spika wa Bunge la chini, pamoja na wabunge wawili wasio na kura. Kwa kawaida huidhinisha hati nyingi kwa mpigo mmoja, bila mjadala.

Ratiba ya kikao lazima itolewe hadharani siku 10 kabla, na hapo ndipo ilipo hazina ambayo watu wachache huichungulia. Kwenye orodha ya hati zinazoombewa idhini utaona kila kipande: kaunti, ukubwa, nani ananunua, kama ni jirani au mnada, thamani iliyokadiriwa na bei ya mwisho. Ratiba za zamani ziko wazi kwa mtu yeyote. Kabla hujabishana na mthamini kuhusu ukanda wako, soma za miaka mitatu iliyopita kwa kaunti yako, uone majirani wengine walilipa nini kwa vipande kama chako. Hoja yenye mifano kumi ya idara yenyewe inasikilizwa.

Ardhi isiyouzwa: chini ya madaraja

Watu huniuliza kuhusu viwanja vilivyo chini ya barabara za juu. Hivyo viko ndani ya hifadhi inayotumika, kwa hiyo havitangazwi kuwa ziada. Hukodishwa kwa maegesho, maghala, hata bustani. Novemba 11, 2023, moto mkubwa uliwaka kwenye eneo la namna hii chini ya Barabara Kuu ya 10, karibu na katikati ya Los Angeles. Nguzo ziliungua na barabara ikafungwa siku 8. Ukitaka kukodi mahali pa aina hii leo, tarajia maswali makali kuhusu unachohifadhi na unampangisha nani. Mbao za kubebea mizigo na matairi yaliyorundikwa ndiyo mambo ya kwanza wataangalia.

Hatua ya 8: Hati

Utakachopokea kinaitwa hati ya Mkurugenzi. Jimbo linakupa kile lilichonacho bila kukuhakikishia kwamba hakuna mwingine mwenye dai. Nunua bima ya hati, ile inayokukinga dai la namna hiyo likijitokeza baadaye. Soma mambo yaliyobakizwa: njia ya bomba la maji, nguzo za umeme, marufuku ya kufungua mlango kuelekea barabara kuu. Marufuku hiyo inafuata ardhi milele, nawe huwezi kuiondoa kwa kuomba radhi baada ya kuvunja ukuta.

Peleka hati isajiliwe kaunti, au hakikisha kampuni ya bima imeisajili, na chukua nakala yenye muhuri. Ardhi ya jimbo haikuwa ikilipa kodi ya mali. Kuanzia kwako inalipa, na chini ya Pendekezo la 13, sheria ya kikomo cha kodi ya mali iliyopitishwa kwa kura ya wananchi wa California mwaka 1978, kodi ya msingi ni asilimia 1 ya thamani uliyonunulia, pamoja na tozo za mtaa. Bili ya kwanza hufika kwa kuchelewa na kwa wakati usioutarajia, kwa hiyo tenga fedha mapema.

Kama ulinunua ukanda wa kuongeza kwenye kiwanja chako, kazi haijaisha hadi uende ofisi ya mipango ya mji kuomba viwanja viwili viunganishwe kuwa kimoja. Bila hivyo, vinabaki viwili: bili mbili za kodi, na kibali cha kibanda au upanuzi wa nyumba kitakataliwa kwa sababu ukuta wako utakuwa unavuka mpaka wako mwenyewe. Chukua ramani ya mpimaji, hati zote mbili na picha za bikoni. Zipige picha kabla ya mafundi wa uzio kufika, maana kigingi kimoja kikishang'olewa, utamlipa mpimaji upya.